Maaskofu 315 na Bweni Moja la Mpondwe

Nianze na tarehe mbili, kwa sababu tarehe haina chama wala dhehebu. Ijumaa ya 21 Aprili 2023, mjini Kigali, viongozi wa Kianglikana kutoka nchi 52 walimaliza mkutano wao unaoitwa GAFCON, wakatoa tamko. Wajumbe walikuwa 1,302, na kati yao maaskofu 315. Ijumaa ya 16 Juni 2023, usiku, wauaji wa ADF waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, kama kilometa mbili tu kutoka mpaka wa Kongo. Waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wavulana walichomwa ndani ya bweni. Wasichana walikatwa mapanga. Kati ya Ijumaa ile na Ijumaa hii ni wiki nane kamili.

Sisemi Kigali ndiyo iliyoleta Mpondwe. Msomaji asiniwekee maneno mdomoni. Ninachosema ni kwamba ndani ya tamko lile kuna ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya watoto na vijana, na nyingine kwa ajili ya huduma za huruma. Mimi kazi yangu ni vijana, Bwera na Kasese mjini, wengi wao wakimbizi kama mimi, wengine Wakonzo wa hapa hapa ambao ni ndugu zetu wa damu, mto tu ndio unatugawa. Tangu Juni ile nimeitafuta hiyo ahadi huku chini kama mtu anavyotafuta mbuzi aliyekata kamba. Sijaona hata kwato. Ndiyo maana nauliza kwa sauti, kwenye kurasa zetu hizi.

Wengi wanaosoma hapa si Waanglikana. Tuna watu wa CBCA, wa CECA 20, wa CEPAC, Waadventista, Wakatoliki, na wale wa vyumba vya kupanga ambao jina la kanisa lao ni refu kuliko jengo lenyewe. Kwa hiyo nieleze kidogo huu mkutano ni wa nini. Mwaka 2003 kanisa la Kianglikana la Marekani lilimweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu wa New Hampshire, mtu aliyekuwa akiishi wazi na mwanamume mwenzake. Maaskofu wengi wa Afrika wakakataa. Mwaka 2008 wakakutana Yerusalemu, ikazaliwa GAFCON. Wakakutana tena Nairobi 2013, Yerusalemu 2018, halafu Kigali 2023. Februari ya mwaka huo sinodi ya Uingereza ilikuwa imekubali sala za kubariki wapenzi wa jinsia moja, na Kigali ikajibu kwamba haina tena imani na Askofu Mkuu wa Canterbury. Kanisa la Uganda liko katikati ya kundi hilo. Hata mkutano wa Lambeth wa 2022 halikwenda. Oktoba 2025 Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, mwenyekiti wao, akatangaza kwamba sasa wao ndio Ushirika wa Kianglikana, Canterbury ibaki na mambo yake.

Ugomvi wa ndoa siuingilii leo. Kila kanisa lina haki ya kulinda mafundisho yake, na vijana wengi ninaokaa nao wako upande wa maaskofu kabisa, tena bila kuulizwa mara mbili. Shida yangu ni macho, yanaangalia wapi. Kuna wachungaji wanaoweza kukutajia kila kiongozi wa Uingereza aliyepotoka, na siku aliyopotoka. Ukiwauliza ni watoto wangapi wa kanisa lao wameacha shule tangu Juni 2023, wanakuambia subiri kwanza niulize katekista.

Na huu ugomvi si wa mbali jamani. Ulishapita Kasese, na ulipopita uliondoka na kitu mkononi. Dayosisi ya South Rwenzori, yenye makao yake hapa Kasese, ilikuwa na urafiki na dayosisi ya Central Pennsylvania ya Marekani. Kulikuwa na msaada wa zaidi ya dola 350,000 kwa mradi wa UKIMWI, wa wagonjwa na yatima. Lakini askofu wa kule alikuwa amekubali kuwekwa wakfu kwa Robinson. Basi mwaka 2005 askofu wetu wa wakati ule, Jackson Nzerebende Tembo, akakata uhusiano na kuzikataa hizo pesa.

Mimi sitaki kumcheka. Katika dunia ambayo kila mzungu mwenye bahasha anapigiwa vigelegele, mtu wa milimani kusema hapana kwa dola laki tatu na nusu ni jambo kubwa, na ninalisimulia kwa vijana kwa heshima. Hatuuziki. Sawa. Lakini hesabu haijaisha hapo. Anayesema hapana mezani na anayelala na hiyo hapana nyumbani si mtu mmoja. Nani alimuuliza yatima wa Kisinga? Nani alimuuliza bibi aliyekuwa analea wajukuu watano kwa shamba la pamba? Na wale wa nje waliopiga makofi, wa Marekani na wa Australia wenye msimamo uleule wa askofu, makofi yao yalinunua dawa ngapi?

Kama harakati ni ya dunia nzima, iwe na kanuni ya dunia nzima: kila pesa ya maskini inayokataliwa kwa sababu ya mafundisho, wanaokubaliana na mafundisho hayo watafute nyingine ya kiasi kilekile KABLA barua ya kukataa haijasomwa. Msimamo wa pamoja, gharama ya pamoja. La sivyo msimamo ni wa maaskofu na gharama ni ya yatima, na huo si ushirika, ni sisi tunabeba mzigo wa watu.

Sasa turudi Kigali. Tamko lina vipaumbele saba. Kuna muongo mzima wa uinjilisti na uanafunzi, 2023 mpaka 2033. Kuna kulea viongozi wa kizazi kijacho kwa elimu ya Biblia. Kuna huduma ya watoto na vijana kupewa kipaumbele. Kuna huduma za wanawake, huduma za huruma, mafunzo ya maaskofu, kuimarisha undugu. Nilisoma kwa simu, kwa Kiingereza, huku nikiwatafsiria vijana kwa Kiswahili. Ukisoma hakuna hata kimoja unachoweza kukipinga, na hapo ndipo shaka inapoanzia. Kitu ambacho hakipingiki kwa kawaida hakijasema chochote. Huduma ya vijana, wapi? Kwa pesa ya nani? Mpaka lini? Nani ataulizwa isipofanyika? Kijana mmoja wa kikundi chetu, anayefanya boda, alisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Hii ni kama mtu anakwambia nitakuja, hasemi siku."

Hebu niwaambie huduma ya vijana ilivyokuwa hapa baada ya tarehe 16 Juni, kwa sababu walioandika kipaumbele hicho wanaweza kudhani ni gitaa na fulana.

Wiki za kwanza hakuna aliyetaka kulala bwenini. Wazazi waliwatoa watoto shule za bweni, wengine wakawarudisha milimani kwa bibi, wengine wakasema bora asome shule ya kutwa hata kama ni kibaya. Kwa familia za wakimbizi shule ya bweni ilikuwa ndiyo njia ya mtoto kula mara mbili kwa siku, kwa hiyo kumtoa bwenini ni kumtoa mezani pia. Wasichana wawili niliokuwa nawafuatilia hawakurudi tena. Mvulana mmoja akaenda kuchimba chumvi Katwe. Wengine wanabeba mizigo mpakani mpaka leo. Tulikuwa tunakutana Jumamosi, na badala ya kujifunza somo tunakaa tu. Mtoto wa miaka kumi na tatu, wa Beni, ambaye alishakimbia mara mbili kabla hajafika hapa, aliniuliza swali ambalo hakuna semina iliyonifundisha kulijibu: "Yaya, ule mulango wa bweni, banafungaka kwa ndani ao kwa inje?"

Ukifungwa kwa ndani wanachoma. Ukifungwa kwa nje huwezi kutoka. Ukiwa wazi wanaingia. Alikuwa ameshapiga hesabu zote, alitaka tu mtu mzima amwambie kuna jibu la nne.

Na wakubwa hawawezi kusema hawakujua. Novemba 1996 ADF walishambulia Mpondwe hii hii. Juni 1998 waliingia chuo cha ufundi cha Kichwamba, upande wa Fort Portal, wakafunga mabweni wakachoma. Wanafunzi karibu 80 wakafa. Miaka 25 baadaye, Juni tena, bweni tena, moto tena, ukoo uleule wa milima. Katika hiyo miaka 25 ni mikutano mingapi ya kimataifa ya makanisa imefanyika? Mimi siwezi kuitaja yote. Ni mingapi iliyotoka na jambo moja tu dogo, kwamba kila shule yenye jina la kanisa katika wilaya za mpakani iwe na uzio, mlango wa pili, na mlinzi anayelipwa mshahara? Shule za kanisa ni nyingi huku. Hiyo siyo siasa. Hiyo ni fundi, nondo na saruji.

Kuna jambo jingine, na Wakongo wenzangu watanielewa. Tarehe 15 Januari 2023, Jumapili, bomu lililipuka ndani ya kanisa la CEPAC pale Kasindi, ng'ambo tu ya mto, wakati wa ibada ya ubatizo. Watu zaidi ya kumi walikufa, makumi wakajeruhiwa. Waprotestanti, wamevaa nguo zao za Jumapili, wamekuja kuona ndugu zao wakitoka majini. Hiyo ilikuwa miezi mitatu kabla ya Kigali. Na Kigali ni mji ambao Desemba 2022 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameandika kwamba jeshi la nchi yake linawasaidia M23 kule Rutshuru. Wenyeji wa mkutano ni ndugu zetu katika Kristo, sina neno nao. Lakini kukaa siku tano katika mji huo, mwaka huo, ukatoka na ujasiri wako wote umeelekezwa London... Sisi tulioikimbia hiyo vita tunaona ni ujasiri wa bei nafuu. Askofu Mkuu wa Canterbury hana jeshi. Ukimkosoa, unalala nyumbani kwako.

Wala si Waanglikana peke yao, nisije nikaonekana nina ugomvi na dhehebu moja. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikutana Karlsruhe, Ujerumani, 2022. Watu wa Lausanne walikutana Korea Kusini Septemba 2024, zaidi ya 5,000. Huko msimamo juu ya ndoa ni tofauti, nyimbo ni tofauti, chakula ni tofauti, lakini mwisho ni uleule: tamko refu, picha ya pamoja, watu kurudi kwenye ndege. Nimechagua Kigali kwa sababu iko karibu na kwa sababu kanisa kubwa la Kiprotestanti la mahali ninapoishi limetia mguu humo.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: usalama ni kazi ya serikali, kanisa kazi yake ni Injili. Mimi nakubali kwamba askofu hashiki bunduki. Lakini nendeni Kagando muone kanisa linavyoweza kufanya kazi bila kugeuka serikali. Hospitali ya Kagando ni ya kanisa, ya dayosisi hii hii. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliletwa pale akiwa anaumwa, familia yake imetoka Kongo kumzika babu. Wahudumu wa Kagando hawakusema huyu ni Mkongo apelekwe kwao. Hawakusema pia ni malaria tu. Walishuku Ebola, wakampeleka Bwera kwenye kitengo cha kutenga wagonjwa, na vipimo vikathibitisha: mgonjwa wa kwanza wa Ebola kwa upande wa Uganda katika mlipuko ule. Mtoto akafa, nduguye na bibi yake pia wakafa, Mungu awarehemu. Lakini haikusambaa. Soko liliendelea, shule ziliendelea, sisi tuko hai. Muuguzi mmoja anayejua kazi yake, mwenye glavu mkononi, katika jengo ambalo kanisa lilikubali kulitunza miaka na miaka. Hiyo ndiyo huduma ya huruma. Ina paa, ina daftari la zamu, na usiku taa inawaka. Kwa hiyo msiniambie kanisa haliwezi. Linaweza sana, likiamua mahali.

Wa pili atasema: wewe ni mkimbizi, umepokelewa, unakosoa nyumba ya mwenyeji? Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu ni kweli tumepokelewa. Usiku tuliovuka, waliotupa uji na pa kulala walikuwa wamama wa kanisa, Wakonzo, hata jina la dhehebu letu hawakuuliza. Wamama hao wanajua kupokea watu. Hawajawahi kualikwa Kigali wala Karlsruhe. Basi ninapoilalamikia mikutano mikubwa siwalalamikii waliotupokea, nawasemea. Mwaka juzi tuliandika barua kwa ofisi moja ya kanisa, siitaji, tukiomba turubai tu na madaftari kwa ajili ya watoto waliokuwa wamevuka karibuni. Jibu lililetwa kwa mdomo: mkubwa yuko safarini, yuko kwenye mkutano, rudini mwezi ujao. Turubai ilitoka kwa mama mmoja anayeuza makayabu sokoni. Alikuwa anafunikia nayo meza yake.

Halafu kuna wa tatu, ambaye hasemi wazi, ila anafikiri: hawa wakimbizi ni wa HCR na OPM, wana kambi zao, waende Kyaka au Rwamwanja au Nakivale. Wengi wamekwenda. Na kule kambini mgao umekatwa tangu 2023, kila mtu anajua. Wengine wamebaki Bwera kwa sababu kutoka hapa wanaweza kusikia habari za shamba lao siku hiyohiyo, na kumvusha mgonjwa, na kuzika. Ukibaki mjini hupati mgao, ndiyo sheria. Lakini Yesu naye alikuwa mkimbizi wa mjini Misri, hakuna mahali imeandikwa Yusufu alipangiwa kambi. (Hili nilimwambia mchungaji mmoja akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akanyamaza.)

Nikiona maaskofu wanashuka kwenye magari meupe, namfikiria Apolo Kivebulaya. Huyu Muganda, mwaka 1896, alitoka Toro akaizunguka hii milima yetu akaenda Mboga, upande ambao leo ni Kongo. Hakuna mkutano uliomwezesha. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena kulekule. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933, na inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha upande huo. Kila mwaka Waanglikana wanamkumbuka. Ni vizuri. Ila mwisho wa Mei 2021, siku zilezile za kumkumbuka, Boga ilishambuliwa pamoja na Tchabi, zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao walikuwa wakimbizi wa ndani. Pale pale alipolala. Kama kuna mahali pa kufanyia mkutano wa kimataifa wa viongozi wa Kiprotestanti, ningependekeza Boga. Najua haiwezekani, hakuna hoteli na hakuna usalama. Ndiyo hoja yangu yenyewe.

Basi tunataka nini? Tulikaa na vijana Jumamosi tatu tukaandika. Hatukutaka orodha ndefu, maana orodha ndefu ndiyo ugonjwa tunaoulalamikia.

Baba Maaskofu, tunataka ile ahadi ya vijana ipewe anwani. Chagueni shule. Siyo "vijana wa Afrika": shule hii, ya tarafa hii, yenye watoto hawa. Mko 315. Kila mmoja akichukua mtoto mmoja tu wa mpakani, amlipie minervali, kama tunavyoiita sisi Wakongo, mpaka amalize sekondari, ni watoto 315, na mtu anaweza kuwahesabu. Sisi tutaleta majina kwa siku mbili. Wakonzo na wakimbizi pamoja, tusianze kugawana.

Tunataka pia kwamba kabla tamko halijatiwa sahihi, mtu wa chini ya miaka 25 kutoka mahali penye vita asimame alisome kwa sauti mbele ya mkutano mzima, halafu aruhusiwe kuuliza maswali matatu, na majibu yaandikwe ndani ya tamko. Asiwe mtoto wa askofu. Hili la mwisho vijana walilipigia kura, halikuwa wazo langu, lakini niliinua mkono.

Na tunataka itafsiriwe. Kiswahili, Lukonzo, Kifaransa. Watu wanaosaliwa waelewe wanasaliwa nini.

Juu ya zile pesa za 2005 hatudai zirudi. Tunadai ile kanuni niliyoiandika hapo juu. Mkiona ni ngumu, basi mwakubali kwamba ni ngumu pia kwa yatima.

Kuna mzee wa kanisa aliyesoma rasimu ya makala hii akaniambia, "Mwanangu, maneno ni ya kweli lakini yapunguze ukali, hawa ni baba zako." Nimepunguza mawili. Kwetu mtoto akiona nyoka kwenye paa la baba yake hasubiri baba amalize hotuba.

Sisi bado tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, Bwera, kwenye ukumbi ambao tunaazimwa kama hakuna harusi. Wanaokuja ni kati ya 30 na 40, inategemea mvua na mpaka. Yule mtoto wa swali la mlango sasa ana miaka zaidi ya kumi na tano, anasoma shule ya kutwa, anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Bwenini amekataa.

Kutoka Kigali si mbali. Gatuna imefunguliwa tangu 2022. Unavuka Katuna, unapita Kabale, Ntungamo, Mbarara, Ishaka, unashuka bondeni unaona Ziwa Edward kushoto, unavuka daraja la Katunguru. Tembo wakiwa barabarani unangoja kidogo. Ukifika Kikorongo usinyooke kwenda Kasese mjini kwenye hoteli. Kata kushoto.